Matundu na vitufe vya ThinkPad T480: kipi ni cha nini?

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Songea. Mdogo wangu amenitumia laptopu iliyotumika, Lenovo ThinkPad T480, aliyoinunua Kariakoo, na duka limempa waranti ya mwezi mmoja. Nimezoea kompyuta ya mezani ya ofisini, hii ndiyo ya kwanza kuwa yangu. Ina matundu pande zote mbili na sijui lipi la nini. Chaja ya mwenzangu mwenye ThinkPad ya zamani kidogo haiingii. Waya wa projekta ya shule nao haupati pa kuingia. Kwenye kibodi, nikibonyeza Ctrl na C hainakili, nikitafuta @ inakuja alama nyingine, na katikati ya herufi kuna kitu chekundu ambacho sijui nikibonyeze au nikiache. Jana kwenye kikao cha mtandaoni hawakunisikia kabisa. Naomba unielekeze taratibu.

Jibu: Salama kabisa, Mwalimu, na hongera kwa kupata mashine. T480 ilitoka mwaka 2018 na ilinunuliwa sana na maofisi ya nje, ndiyo maana sasa zimejaa kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika. Ni mashine ngumu na utafika nayo mbali. Ila siku za waranti zinakwenda, kwa hiyo kila tundu nitakalokutajia nitakuambia pia namna ya kulijaribu. Tundu bovu ulijue wakati duka bado linawajibika, si siku ya kuandaa matokeo ya kidato cha nne.

Iweke mezani, kioo kikutazame, tuanze upande wa kushoto. Hapo kuna matundu mawili madogo yenye ncha za mviringo, yale ya taipu C kama ya simu nyingi za siku hizi. Moja lina alama ya plagi ya umeme, jingine lina alama ya mshale wa radi. Kwa umbo yanafanana kabisa, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Yote mawili yanapokea chaji. Lakini lenye radi ni Thunderbolt 3, linasafirisha data hadi gigabiti 40 kwa sekunde, na hutumika kwa vifaa vizito kama diski za kasi au kituo cha kuunganisha skrini kadhaa. Wewe kwa kazi zako huenda usilihitaji kwa data hata mara moja, ila ni vizuri ukijua kwamba lipo na kwamba linachaji.

Sasa suala la chaja. ThinkPad za mfululizo huu zilizotangulia yako, tangu T440 mpaka T470 ya 2017, zilikuwa na chaja yenye kichwa cha mstatili, mara nyingi chenye rangi ya njano. T480 iliachana nacho ikaingia taipu C. Kwa hiyo ya mwenzako haina hitilafu, haikutengenezwa kwa ajili ya hii. Ukitafuta ya akiba, usiangalie kichwa peke yake. Geuza chaja usome maandishi madogo mgongoni: unataka volti 20 na ampia 3.25, yaani wati 65. Ya wati 45 pia itafanya kazi, polepole kidogo. Chaja ya kawaida ya simu, ya volti 5, itaingia vizuri tu kwenye tundu lakini mashine haitachaji. Na kama chaja uliyoletewa ina plagi ya Ulaya yenye miguu miwili ya duara, usiitupe wala usiitafutie adapta inayolegea ukutani. Waya ule unaotoka ukutani kwenda kwenye chaja unachomoka. Nunua waya mwingine wa plagi yetu ya miguu mitatu. Chaja yenyewe, kama ni ya Lenovo halisi, inakubali volti 100 hadi 240, umeme wetu haina shida nao.

Jaribio lake ni hili. Chomeka chaja kwenye tundu la plagi. Tazama mgongoni mwa kioo, kwenye neno ThinkPad: ile nukta nyekundu ya herufi i itamweka mara tatu. Hakikisha pia alama ya betri kwenye skrini inaonyesha inachaji. Tikisa kichwa kidogo sana kwa kidole. Chaji ikikatika na kurudi, tundu limelegea. Kisha chomoa, rudia yote hayo kwenye tundu la radi. Usiliruke hili la pili. ThinkPad nyingi zilizotoka kati ya 2017 na 2019 zilikuwa na kasoro kwenye programu ya ndani ya kidhibiti cha Thunderbolt, na tundu lingeweza kufa baada ya muda. Lenovo ilitoa sasisho la kuirekebisha, lakini mashine iliyopita mikono mingi huenda haikuwekewa. Kama tundu la radi limekufa, rudisha mashine. Kama ni zima, mwambie fundi wa hapo Songea aweke sasisho la Thunderbolt kutoka tovuti ya Lenovo kabla ya kitu kingine chochote.

Upande huohuo wa kushoto kuna mbavu za kutolea joto. Usizibe, na usiitumie mashine ikiwa juu ya kitanda, maana hewa inaingilia chini. Ukiona na mwanya mrefu mwembamba unaotosha kadi ya benki, ni wa kadi za utambulisho za maofisini. Baadhi ya T480 zina kifuniko tu hapo. Hauna kazi kwako, usiingize kitu.

Hamia kulia. Tundu la duara ni la hedifoni, na ni la pamoja: sauti inatoka na ya maikrofoni inaingia hapohapo. Hedifoni za simu zenye mistari mitatu kwenye kichwa chake zinafaa. Maikrofoni ya zamani ya waya wake peke yake haitasikika. Matundu mawili ya mstatili mpana ni USB za kawaida, za flashi, kipanya na printa. Moja kati ya hayo linaweza kuchaji simu hata mashine ikiwa imezimwa. Kulijua ni rahisi: zima mashine huku chaja yake ikiwa imechomekwa, kisha jaribu simu kwenye kila moja. Chomeka flashi kwenye yote mawili. Ikikataa kuingia, igeuze, usiisukume. Ndani kuna ulimi mwembamba wa plastiki, ukivunjika tundu limekwisha.

Tundu pana kidogo kwa juu na linalochongoka kwa chini ni HDMI, hilo ndilo la projekta. Waya wa projekta yako, kwa maelezo yako, nadhani ni wa VGA: kichwa cha buluu, pini 15 katika safu tatu, skrubu mbili pembeni. T480 haina tundu hilo. Nunua adapta ya HDMI kwenda VGA, na dukani taja mwelekeo huo waziwazi, kwa sababu zipo za VGA kwenda HDMI na hazifanyi kazi kinyume. Epuka pia waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili usio na kisanduku cha aina yoyote katikati wala kichwani. HDMI ni mawimbi ya kidijitali, VGA ni ya analogia, lazima kuwe na sakiti ya kubadilisha. Ukishachomeka, shika kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na P, uchague skrini ya pili ionyeshe kilekile kilicho kwenye kioo chako. VGA haibebi sauti, kwa hiyo ukionyesha video darasani unganisha spika kwenye tundu la hedifoni. Projekta ikiwa na HDMI, nunua waya wa HDMI pande zote mbili, achana na adapta.

Tundu kubwa la mraba lenye pini nane za dhahabu ndani ni la waya wa intaneti. Waya wa simu ya mezani unafanana na wake ila ni mwembamba. Utaingia lakini unaweza kupindisha pini. Kuna mwanya wa kadi ya SD, ile kubwa ya kamera. Memori kadi ya simu inahitaji kwanza kuvalishwa ganda lake. Na kile kijitundu kidogo cha chuma kisicho na pini ni cha kufuli la waya, kwa ajili ya kufunga mashine kwenye meza ya ofisi.

Zima mashine, funga mfuniko, igeuze. Vile vitelezi viwili vinashikilia betri ya nyuma. Watu wengi hawajui kwamba T480 ina betri mbili: moja ya ndani ya Wh 24 (Wh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), na hii ya nje ambayo inaweza kuwa ya Wh 24, 48 au 72. Ile inayoshuka chini kama kisigino ni kubwa, si ya 24. Ya ndani ikiwa na chaji, unaweza kuchomoa ya nje na kuweka nyingine bila kuzima mashine. Kipo pia kijitundu kidogo sana cha kuwashia upya wakati wa dharura. Mashine ikiganda, kwanza shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi. Ikigoma, chomoa chaja, nyoosha pini ya karatasi, bonyeza taratibu humo ndani.

Turudi kwenye kibodi. Safu ya juu, F1 mpaka F12, ina michoro. Hiyo ndiyo kazi ya kila kitufe. F1 inazima sauti, F2 na F3 zinapunguza na kuongeza, F5 na F6 ni mwanga wa kioo, F7 ni projekta, F8 ni wifi. Kilichokuponza kwenye kikao, nina uhakika mkubwa, ni F4: inazima maikrofoni. Ikiwa kitaa chake kinawaka, hakuna atakayekusikia hata ukipaza sauti namna gani. Ukiona vitufe hivi vimegeuka, yaani F4 haizimi maikrofoni tena, bonyeza Fn na Esc pamoja. Fn na kitufe kirefu cha nafasi huwasha taa chini ya herufi, kama yako imewekewa. Wakati uko hapo, tazama juu ya kioo: baadhi ya T480 zina kifuniko kidogo cha kutelezesha mbele ya kamera. Picha ikiwa nyeusi tii kwenye kikao kijacho, anza kukagua hapo.

Alama ya @ inategemea mashine ilikotoka. Angalia kitufe cha 3. Kikiwa na £ juu yake, kibodi ni ya Uingereza, na huko Shift na 2 hutoa alama za kunukuu, huku @ ikikaa kulia, vitufe viwili kabla ya Enter au jirani yake. Kikiwa na #, kibodi ni ya Marekani na Windows ndiyo iliyoachwa kwenye mpangilio wa Uingereza. Nenda kwenye mipangilio ya saa na lugha, weka kibodi inayolingana na kilichochorwa kwenye vitufe vyako. Usikariri mahali pa uongo, utateseka siku ya kuandika nenosiri.

Kile chekundu kinaitwa TrackPoint, na mimi nakipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya mashine hii. Kilibuniwa na Ted Selker akiwa IBM, kikaonekana kwenye ThinkPad 700C mwaka 1992, miaka kumi na mitatu kabla IBM haijauza kitengo chake cha kompyuta kwa Lenovo. Kisukume kwa ncha ya kidole cha shahada kuelekea unakotaka mshale uende. Hakihitaji kubonyezwa wala kuzungushwa. Vile vitufe vitatu juu ya kipanguso, yaani ule uso laini wa kusogezea mshale kwa kidole, ndivyo vya kubofyea. Shikilia cha katikati huku ukisukuma chekundu, ukurasa utapanda na kushuka. Faida yake utaiona ukiandika maswali ya mtihani, mikono haiondoki kwenye herufi. Mshale ukianza kutembea wenyewe, inua kidole usubiri kidogo, utatulia.

La mwisho ni Ctrl. Kwenye ThinkPad hii kona ya chini kushoto ni ya Fn, Ctrl inafuata kulia kwake. Kidole chako kimezoea kona, kwa hiyo unabonyeza Fn na C. Unaweza kuvibadilishana: zima mashine, iwashe ukigongagonga F1 mpaka BIOS ifunguke, yaani mipangilio ya ndani ya mashine inayofanya kazi kabla ya Windows, ingia Config, halafu Keyboard/Mouse, uwashe "Fn and Ctrl Key swap", kisha F10 kuhifadhi. Fanya hivyo hata kama utaamua kuizoea ilivyo, angalau uingie uone. Mashine za maofisini mara nyingine huja zimefungwa nenosiri la msimamizi kwenye BIOS, na muuzaji haambii mtu. Hiyo F1 ikikudai nenosiri usilolijua, au ikikuingiza lakini haikuruhusu kubadilisha chochote, mwambie mdogo wako airudishe dukani kabla mwezi haujaisha. Nenosiri hilo haliondoki kwa kuweka Windows upya, na muuzaji ndiye anayepaswa kuhangaika nalo.