Watangazaji wanafuata pesa ilikokwenda
Ndugu uliyeuliza kama watangazaji wa Kenya wanaacha redio kwa sababu ya kiburi tu: hapana, pesa ndiyo iliyotangulia kuhama. Redio ya biashara huishi kwa matangazo, na matangazo yenyewe yalitegemea wateja wachache: serikali, kampuni za simu, mabenki, kamari. Kuanzia 2015 matangazo ya serikali yalipitishwa kwa wakala mmoja, na malipo yakawa yanachelewa mpaka deni likawa mlima. Machi 2024 wizara zikaagizwa kupeleka matangazo yao ya redio na runinga KBC pekee, shirika la utangazaji la serikali. Aprili 2025 matangazo ya kamari nayo yakasimamishwa kwa siku 30, na vituo vilivyoiegemea vikabaki vikihema.

Sasa meneja apunguze wapi? Mitambo inataka umeme, leseni inalipiwa. Anapunguza watu. Mwenye jina huondoka na wasikilizaji wake akafungua chaneli YouTube (na mwenye tangazo anamfuata yeye, si kituo). Mimi nawahurumia zaidi mafundi mitambo na waandishi wa mashinani wanaolipwa kwa habari moja moja. Hao wakiondoka hakuna hata anayeuliza wako wapi.