Mtoto anakwama kwenye KDS, nianzie wapi?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Binti yangu yuko darasa la tano, kuzidisha anajua vizuri tu ila ikija KDS (kigawe kidogo cha shirika) tunashindwana, juzi kapewa 8 na 12 akaandika 4, nikamwambia siyo, akafuta akaandika 96. Mimi nakumbuka ile ya kugawanya kwa namba tasa tu na nikimfundisha hiyo anakariri bila kuelewa. Nifanyeje? Mama wa Morogoro.

JIBU: Marahaba mama. Mtoto hayuko mbali kama unavyodhani, maana 96 ni kigawe cha shirika kweli, 8 inaigawa na 12 inaigawa bila baki, tatizo kuna kidogo zaidi ya hicho. Hiyo 4 ndo inayonisumbua, pale katoa KKS, yaani kigawo kikubwa cha shirika, ile namba kubwa kabisa inayozigawa zote mbili. Mpe kipimo cha kujikagua: KDS haiwezi kuwa ndogo kuliko ile namba kubwa uliyopewa, so akiona jibu liko chini ya 12 ajue kapotea njia.

Namba tasa ziwekeni pembeni kwanza jamani, tunawaharakisha mno watoto. Aandike vigawe vya 8: 8, 16, 24, 32, 40, 48, na chini yake vya 12: 12, 24, 36, 48. Azungushie vinavyofanana, atapata 24 na 48, we muulize tu kipi kimetangulia halafu nyamaza, muache aseme mwenyewe. Akizoea aandike vigawe vya namba kubwa peke yake huku anauliza, 12 inagawanyika kwa 8? Hapana. 24 je? Ndiyo, kamaliza. Mi hii naipenda sana kwasababu anaweza kuifanya hata kichwani.

Na asiishie kwenye namba tupu. Daladala za ruti mbili zinatoka stendi pamoja saa 2:00 asubuhi, za ruti moja kila baada ya dakika 8 na nyingine kila baada ya dakika 12, zitatoka tena pamoja saa ngapi? 2:24. Halafu sehemu, 1/8 + 5/12, asili (namba za chini) zote zinakuwa 24 unapata 3/24 na 10/24, jumla 13/24, hapo anaona KDS ina kazi gani.

Baada ya hapo ndo mrudi kwenye namba tasa, na nadhani 4 yake ilitokea huku huku. Gawanya 8 na 12 kwa 2 unapata 4 na 6, tena kwa 2 unapata 2 na 3, hapo watoto wengi wanaona hakuna namba inayogawanya zote mbili basi wanaacha, wanazidisha 2 × 2 inakuja 4. Kwa KDS unaendelea hata kama inagawanyika moja tu, ile nyingine unaishusha kama ilivyo: kwa 2 inabaki 1 na 3, kwa 3 inabaki 1 na 1. Sasa 2 × 2 × 2 × 3 ni 24. Mpe na 12 na 18 afanye kwa njia zote mbili, zote zimpe 36.