Cheti Ukutani Hakitoshi

Juma lililopita msomaji mmoja wa Nakuru aliniandikia kuhusu kampuni inayomtaka alipe shilingi 40,000 ili imtafutie kazi Qatar. Alikuwa ametumiwa picha ya cheti cha usajili, na kwake uhalali ulikuwa umethibitika. Ujumbe wake ulinirudisha katika ofisi moja ya ghorofani, karibu na Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu.

Mimi pia nilionyeshwa cheti. Kilining'inia ukutani ndani ya fremu, na mama aliyenipokea aliniita "mwanangu" tangu nilipoketi. Nililipa shilingi 85,000, ambazo mamangu mzazi alizipata kwa kuuza ng'ombe wawili, nikangoja viza kwa miezi mitatu, kisha nikaikuta ofisi imefungwa. Hadi leo siwezi kulitaja jambo hilo mbele ya mamangu bila kuinamisha kichwa.

Ni baada ya hasara ndipo nilipoingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kwenye huduma ya usajili wa biashara, nikalipa ada na kupata CR12, waraka unaoonyesha wakurugenzi na wanahisa wa kampuni, anwani yake na tarehe iliposajiliwa. Kampuni iliyojigamba kwamba imepeleka watu Ghuba kwa miaka 10 ilikuwa imesajiliwa miezi mitano tu kabla sijalipa. Yule mama hakuwa mkurugenzi wala mwanahisa, na jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa nilipotuma fedha halikuwamo. Cheti chenyewe kilikuwa cha kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ndugu zangu, usajili ni kitu kimoja na leseni ni kingine. Sheria ya Kampuni ya 2015 inakuruhusu kuunda kampuni, lakini wakala wa kupeleka wafanyakazi ng'ambo lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Sacco inayopokea amana huidhinishwa na SASRA, mamlaka inayosimamia sacco, na mkopeshaji wa kidijitali na Benki Kuu. Itafuteni CR12 wenyewe, msipokee nakala kutoka kwa anayetaka fedha zenu, na mlinganishe jina la kampuni na orodha ya wenye leseni herufi kwa herufi.

Jana jioni msomaji wangu alinijibu kwamba hakulipata jina hilo katika orodha ya NEA. Wakala bado anampigia simu, akimhimiza alipe kabla ya Ijumaa.