RNA ndogo na saratani ya watoto: majibu ya barua zenu

Nilipoeleza hapa kazi yangu ya maabara, ya kuchunguza RNA ndogo katika saratani za watoto, barua nyingi zilizokuja zilitoka kwa wazazi. Leo najibu nne.

Hizi RNA ndogo ni kitu gani hadi zikapewa Nobel? (Mwanafunzi, Moshi)

Jeni likitaka protini itengenezwe, agizo lake hunakiliwa kwenye uzi wa RNA na kutoka nje ya kiini cha seli. RNA ndogo ninayoichunguza huitwa mikro-RNA, ni kijiuzi cha herufi za kijenetiki kama 22 tu. Haitengenezi protini, hulidaka agizo na kulizima. Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani waliieleza ya kwanza mwaka 1993, kwa mnyoo wa milimita moja. Wengi walidhani ni mambo ya mnyoo huyo tu, mpaka mwaka 2000 ilipopatikana mikro-RNA nyingine, let-7, ambayo na sisi binadamu tunayo. Nobel yao ilikuja 2024.

Binti yangu alipatikana na saratani ya figo akiwa na miaka mitatu. Nilikosea wapi nikiwa mjamzito? (Mama, Musoma)

Pole sana, mama. Hukukosea popote. Naomba ulisome hilo mara mbili kabla ya kuendelea.

Saratani hiyo huitwa uvimbe wa Wilms. Figo za mtoto hujengwa tumboni, na kufikia wiki ya 36 hivi ya mimba ujenzi huwa umekwisha. Let-7 ni miongoni mwa zinazoziambia seli: acheni kujenga, shikeni kazi. Lakini let-7 yenyewe huzaliwa ikiwa ndefu, na lazima ikatwe mara mbili na protini zilizo kama mikasi: kwanza DROSHA ndani ya kiini, kisha DICER nje yake. Tafiti za mwaka 2014 zilionyesha kwamba baadhi ya uvimbe wa Wilms una kosa la herufi moja tu katika jeni la DROSHA. Mkasi unakuwa butu, RNA ndogo zinapungua, seli zinabaki na utoto wao. Ni kama mafundi wanaoendelea kupanga matofali nyumba ikiwa imeshaezekwa.

Nikiuweka uvimbe huu chini ya hadubini naona vijifereji vya figo vilivyoanzwa vikaachwa njiani, kama vya mimba changa. Nimeviona mara nyingi na bado huniuma.

Kosa hilo la DROSHA kwa kawaida huzuka ndani ya seli ya figo yenyewe. Si wewe uliyempa, wala si baba yake. La DICER ni tofauti, linaweza kurithiwa. Kama kwenye ukoo kuna mtoto aliyewahi kuugua uvimbe wa mapafu, au ndugu kadhaa wenye goita, mwambie daktari.

Mjukuu wangu amevimba taya. Majibu ya kinyama yameandikwa "EBER chanya". Ni UKIMWI? (Babu, Geita)

Shikamoo babu. Hapana, si UKIMWI. EBER ni RNA mbili za virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu sote tunavyo mwilini. Ni ndefu kuliko mikro-RNA, zina herufi kama 170. Virusi hivyo vikikutana na malaria ya mara kwa mara, baadhi ya watoto hupata limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Ndani ya seli moja EBER huwa nyingi mno, ndiyo maana ni rahisi kuzipaka rangi: kinyama hugandishwa kwenye nta, hukatwa chembamba kuliko karatasi, kisha viini vyenye virusi hugeuka buluu iliyokoza. Kipimo hiki peke yake hakitaji saratani. Daktari hukiunganisha na umbo la seli.

Uvimbe wa Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku chache, na kwa kasi hiyohiyo huweza kunywea ukikutana na dawa. Babu, mpeleke wiki hii. Usingoje mavuno.

Nimeuziwa vidonge vya "kurekebisha RNA". Nimpe mwanangu? (Baba, Dodoma)

Usimpe. Hakuna dawa ya mikro-RNA iliyoidhinishwa kutibu saratani ya mtoto. Iliyojaribiwa kwa watu wazima, ya mikro-RNA iitwayo miR-34, ilisitishwa mwaka 2016 baada ya kinga za mwili za wagonjwa kuwageuka. Na RNA ukiimeza humeng'enywa tumboni kama maharage. Asikose dripu yake hata moja. Pesa za chupa ya pili ziwe nauli ya kliniki.