Watu sita, gari moja, Dodoma hadi Kondoa kwa njia za porini mwezi wa pili?

Mkuu, sita ndani ya gari moja hapana. Tafuteni la pili, watatu watatu. Gari likizama mbugani huku Bahi, hata liwe foo-wili la maana, lile linalosukumwa na magurudumu yote manne, kinacholitoa ni gari jingine na kamba nzuri.

Halafu huo mwezi wa pili uusogeze. Ndiyo kwetu ni kukavu, lakini mvua kidogo tunayopata huanguka kati ya Desemba na Aprili, na udongo mweusi wa mbuga ukilowa unageuka gundi. Mimi nililala humo usiku mzima na mbu, ujuaji wangu mwenyewe. Njooni Julai hadi Oktoba.

Kiangazi nacho kina mambo yake. Mito inabaki mchanga mtupu: punguza upepo wa tairi kabla ya kuingia, usisimame katikati, na uwe na pampu ya kujazia ukitoka. Chukua spea tairi mbili kwa kila gari, maana miiba ya migunga haina huruma. Beba na ubao wa kuweka chini ya jeki. Mchangani jeki inazama yenyewe. Maji ya kunywa, lita 5 kwa mtu kwa siku.

Mkifika Kondoa, sogeeni kidogo kaskazini hadi kijiji cha Kolo. Michoro ya mapangoni imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Anzieni ofisi ya mambo ya kale pale pale, mpewe mwongozaji.

Na mkifika kijiji cha Wagogo, semeni "mbukwenyi", salamu yao, kwanza, njia muulize baadaye.