Nilivyovuka Mambo ya Walawi

Miaka kadhaa mfululizo nilianza Januari nikiwa na nia ya kuisoma Biblia nzima, na kila mara nilikwama palepale. Mwanzo iliteremka vizuri, Kutoka nayo nzuri mpaka Bahari ya Shamu, kisha zikaja mbao na pete za hema la ibada, kisha, ndani ya Mambo ya Walawi, mafuta ya figo za kondoo. Kufika Machi nimesharudi kwenye Zaburi.

Kilichonikwamua si bidii. Niliacha kusoma vitabu 66 kana kwamba kila kimoja kina somo lake la siku, nikaanza kuuliza swali moja tu: hapa Mungu na watu wanakaa pamoja, au wametengana?

Ukitaka kujaribu, siku ya kwanza soma Mwanzo 1 hadi 3, kisha ruka moja kwa moja hadi Ufunuo 21 na 22. Usiogope kuujua mwisho mapema. Mwanzoni watu wanafukuzwa bustanini na makerubi, viumbe wa mbinguni wenye mabawa, wanawekwa kulinda njia ya mti wa uzima. Mwishoni mti ule ule upo, na wazifuao nguo zao wanaruhusiwa kuuendea. Kilichobaki katikati ni safari ya kurudi.

Sasa Walawi. Kutoka 40 inaishia utukufu wa Mungu ukiwa umeijaza hema, na Musa hawezi kuingia. Walawi 1:1, Mungu anamwita Musa kutoka hemani. Fungua Hesabu 1:1: Mungu anasema na Musa ndani ya hema. Nilipoliona hilo niliweka kitabu chini. Kumbe damu na sadaka zote zile, na Siku ya Upatanisho katika sura ya 16, zinajibu swali la mtu aliyesimama mlangoni: nitaingiaje nisife? Tangu hapo sijachoka na Walawi. (Nasaba za 1 Mambo ya Nyakati bado nazipitia mbiombio, nakiri.)

Waamuzi usiitafutie mashujaa wa kuiga. Ni simulizi ya watu wanaozidi kuharibikiwa.

Kwenye manabii wengi hupotea kwa sababu vitabu havikupangwa kwa kufuata miaka. Ezekieli 10 na 11 anaona utukufu ukiondoka hekaluni. Wababeli wakaja kulibomoa mwaka 586 KK. Hagai, aliye karibu na mwisho wa Agano la Kale, msome pamoja na Ezra 5, maana wanazungumzia ujenzi uleule wa hekalu baada ya uhamisho wa Babeli. Na usiruke Ezra 3, pale wazee waliolikumbuka hekalu la kwanza wanapolia kwa sauti huku wengine wengi wakishangilia. Watu wamerudi, lakini hakuna anayesema utukufu umeijaza nyumba hiyo.

Kwa hiyo ukifika Yohana 1:14, Neno alipofanyika mwili akakaa kwetu, utajua ni nani anayerudi. Ukifika Mathayo 27:51, pazia la hekalu likipasuka toka juu hata chini, kumbuka Kutoka 26:31: pazia la hema lilifumiwa makerubi.

Jambo moja nililigundua nikiwa na daftari na kalamu. Patakatifu pa patakatifu, chumba cha ndani kabisa cha hekalu la Sulemani, palikuwa na dhiraa 20 (kipimo cha kale cha mkono) kila upande, urefu, upana na kimo. Mji mpya wa Ufunuo 21:16 nao urefu, upana na kimo chake ni sawasawa. Mistari michache baadaye Yohana anasema hakuona hekalu ndani yake.