DT 175 ya mzee, Dar hadi Songea: inafika, ila ilinde na joto

Mkuu, umeuliza kama Yamaha DT 175 ya mzee wako, iliyokaa stoo miaka mingi, inaweza kukutoa Dar mpaka Songea, au uipakie kwenye lori ukaanze kuiendesha huko huko. Wengi wamekushauri uiuze uchukue mpya ya cc 150. Mimi nina DT ya miaka ya 80 na barabara hiyo nimeipita nayo, kwenda na kurudi. Iendeshe. Itafika. Lakini usiondoke wikiendi hii kama ulivyopanga, maana pikipiki iliyolala muda mrefu ina ugonjwa wake ambao mtaani kwenu hutauona. Utauona ukishapita Chalinze, injini ikiwa moto kwa saa mbili mfululizo.

Umbali peke yake hauiui DT. Ukoo huu ulianza mwaka 1968 na ile DT-1 ya cc 250, na tangu mwanzo zilitengenezwa kwa njia mbovu. Kinachoziua ni joto na kukosa oili. Hii ni tu-stroki, haifanani na bodaboda za leo ambazo oili inakaa chini ya injini na kuzunguka muda wote. Hapa oili inaingia pamoja na petroli, inapaka pistoni na beringi za kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), inaungua, inatoka kama moshi. Ukinyima injini mafuta, umeinyima na oili. Shika hilo, kwa sababu karibu kila nitakachosema kinatokea hapo.

Anza na sili za kranki. Ziko mbili, moja upande wa magneto (inayozalisha umeme wa plagi) na nyingine upande wa klachi, na zote ni mpira. Mpira ukikaa miaka bila kuguswa na oili unakauka na kuwa mgumu. Sili ya upande wa magneto ikivuja, injini inavuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo), na pistoni inaanza kuungua wewe ukiwa unafurahia mwendo. Dalili yake ni hii: unaachia mafuta lakini injini haishuki haraka, inabaki inalia juu juu kwa sekunde kadhaa ndipo itulie. Sili ya upande wa klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya gia. Utaona moshi mzito usioisha hata injini ikishapata moto, na oili ya gia inapungua bila tone kuonekana chini. Fundi yeyote akikwambia "sili bado nzuri, zinaonekana nzima", mwombe abadilishe hivyo hivyo. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na pistoni na kuchonga silinda.

Pili, pampu ya oili. DT inayo Autolube: tangi lake la oili peke yake, na pampu inayoendeshwa na injini, yenye waya unaotoka kwenye mkono wa mafuta. Ukivuta mafuta zaidi, pampu inatoa oili zaidi. Ni mfumo mzuri sana na nasikitika nikiona mafundi wa mjini wanauvua kwa kuwa hawajauzoea. Kama wa kwako upo, usiuvue. Safisha tangi la oili, badilisha mipira yake, legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu uache oili itiririke mpaka mapovu yaishe. Povu moja kwenye mpira ule linatosha kuikausha injini kwa kilomita kadhaa. Hakikisha pia alama iliyo kwenye pampu inalingana na pini yake kama kitabu kinavyoelekeza. Kama ulishavuliwa zamani, hakuna shida, changanya kwa mkono. Mimi wakati nilipokuwa nachanganya niliweka mililita 40 kwa kila lita ya petroli, oili ya tu-stroki halisi, si ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji kando ya barabara.

Moshi mwembamba wa bluu ukivuta mafuta ni afya. Watu watakucheka pale Kimara kwenye foleni, waache. Siku moshi utakapokatika ghafla ndiyo siku ya kusimama na kufungua tangi la oili.

Sasa barabara yenyewe. Toka alfajiri ili Kibaha na Mlandizi uzipite kabla malori hayajajaa. Mwendo wako ni 60 hadi 70. DT inaweza kwenda zaidi ya hapo, lakini kwa saa nzima juani si kazi yake. Mpaka Morogoro ni kama kilomita 190 na ni tambarare kiasi kwamba mkono unajisahau ukiwa umevuta mafuta pale pale. Kila baada ya muda achia kidogo, vuta tena, injini ipate kupumua. Mimi husimama Chalinze, nasimama tena Morogoro mjini, na kila kituo napima joto la mapezi ya silinda, yale ya kuipoza, kwa kuyakaribia na kiganja tu. Baada ya muda utajua joto lako la kawaida likoje.

Hifadhi ya Mikumi pita mchana. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na mwendo uliowekwa pale una sababu zake: twiga, nyani na tembo wanavuka wanapotaka. Ukiona tembo karibu na lami simama mbali, acha injini ikiwaka, subiri. Usijaribu kupita kwa kuvuta mafuta. Taa ya DT ya zamani, hasa zile za volti 6, inaonyesha hatua chache tu mbele, kwa hiyo jioni ikikukuta Morogoro lala Morogoro.

Baada ya mji wa Mikumi ndipo penye kazi. Milima ya Iyovi, kisha unateremka kwenye bonde la Ruaha Mbuyuni penye mibuyu na vitunguu, joto kali, halafu unaanza kuupanda Kitonga. Kupanda hakunitishi. Weka gia ya pili, au ya tatu kama inabeba bila kulalamika, fuata lori kwa umbali wa kutosha usimeze moshi wake, usilipite kwenye kona. Injini inapovutwa inapata oili, ipo kwenye usalama wake ilimradi hujaibana kwenye gia kubwa. Ukiona imeanza kugonga kwa sauti kavu, shusha gia mara moja.

Kushuka ndiko kunakoua tu-stroki, na hili silisikii likisemwa. Dereva aliyezoea bodaboda akiteremka mlima anaachia mafuta kabisa, anaacha gia ishike pikipiki. Kwenye injini ya oili ya kuzunguka ni sawa kabisa. Kwenye DT, umefunga mafuta, pampu inatoa oili ya silensa (kiasi kidogo cha injini inayounguruma imesimama), na wakati huo gurudumu linailazimisha injini izunguke kwa kasi ya juu. Pistoni inakimbia kavu.

Nilikuwa narudi Dar na jamaa mmoja, naye ana DT kama yangu. Tulikuwa tunateremka Kitonga nyuma ya foleni ya malori, yeye mbele. Nilisikia sauti ya injini yake ikibadilika, ikawa kama inabanwa, kisha gurudumu la nyuma likaacha mstari mweusi mfupi kwenye lami. Alikuwa mwepesi, vidole viwili vilikuwa tayari juu ya klachi, akaikamata papo hapo na kuserereka mpaka pembeni. Hatukupiga kiki. Tulikaa kwenye jiwe mpaka mapezi yakashikika kwa mkono. Tukafungua plagi: kauri yake nyeupe kama chaki, na kwenye ncha kulikuwa na vitone vidogo vya rangi ya fedha. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Tukadondoshea oili ya tu-stroki kwenye tundu la plagi, tukaiweka gia ya tano tukaisukuma taratibu mbele na nyuma mpaka tukahisi pistoni inapita bila kukwama, tukafunga plagi mpya. Ikawaka. Alikwenda mpaka Morogoro kwa 40, na huko akafungua silinda. Ringi moja ilikuwa imeshikana kwenye mfereji wake.

Kwa hiyo ukiteremka, iwe Iyovi au Kitonga, tumia breki zako mbili kwa zamu, na kila sekunde chache kamata klachi uvute mafuta kidogo, injini ipate tone lake, kisha achia. Mimi pia huongeza oili kidogo moja kwa moja kwenye tangi la petroli kabla ya mteremko mrefu. Breki za dramu zikipata moto zinalegea, kwa hiyo bora ushuke polepole tangu mwanzo kuliko kutafuta breki katikati. Na vidole viwili visitoke kwenye klachi. Hili ni kwa njia nzima, si milimani tu.

Iringa utafurahi, hewa inabadilika. Kuanzia hapo mpaka Mafinga, Makambako na Njombe uko juu, na Njombe iko karibu na mita 2,000. Hewa ni nyepesi, petroli inayotoka kwenye kabureta ni ile ile, basi mchanganyiko unakuwa mzito. Pikipiki itakuwa nzito asubuhi, itakohoa, plagi itatoka nyeusi na imelowa. Fungua kabureta, klipu ya sindano iliyo ndani yake ipandishe tundu moja juu, sindano ishuke, petroli ipungue. Ni kazi ya dakika kumi na bisibisi. Watu wengi wanaifanya hiyo vizuri, kisha wanarudi Pwani bila kuirudisha. Huko chini hewa ni nzito, sindano iko chini, mchanganyiko mkavu, joto la Chalinze, na tumerudi kwenye pistoni. Funga uzi mwekundu kwenye usukani mpaka siku utakayoirudisha. Mimi ndivyo ninavyofanya.

Plagi ndiyo itakayokuambia kila kitu. Beba NGK B8ES kwa ajili ya bonde na B7ES kwa ajili ya baridi ya Njombe, namba ndogo hupata moto zaidi na haishiki masizi haraka. Isome baada ya kukata moto ukiwa kwenye mwendo, si baada ya kuunguruma kwenye sheli. Rangi ya maji ya kunde, endelea. Nyeupe, usiendelee.

Mengine ni ya kawaida. Cheni 428 ya bodaboda utaipata kila mji, mpira wa nyuma vilevile, lakini tyubu ya mbele ya inchi 21 beba yako. Waya wa klachi wa akiba ufunge sambamba na ule unaotumika, ukikatika barabarani unahamisha ncha tu. Spoku zigonge moja moja na spana usikilize iliyolegea. Safisha ndani ya ekzosi, masizi ya miaka yanaiziba na kuongeza joto. Jaza tangi kila mji mkubwa. Mimi napata kilomita 25 hadi 30 kwa lita nikienda taratibu. Mzigo funga chini na mbele kadiri inavyowezekana, kwa mipira ya tyubu. Kama kadi bado ina jina la mzee, maliza uhamisho kabla ya kuondoka, bima iwe hai. Kama utasafiri Juni au Julai, beba koti zito na glavu, baridi ya Njombe hadi Madaba inatia ganzi vidole na vidole ndivyo unavyovihitaji kwenye klachi.

Gawa safari: Morogoro, Iringa, Njombe, kisha Songea. Anayekuambia unaweza kuimaliza kwa siku moja anazungumzia basi.

Ukishafungua kava la magneto na kuitoa magneto yenyewe piga picha ya sili na ya plagi iliyomo sasa hivi, niangalie kabla fundi hajafunga. Na uniambie kama pampu ya oili bado ipo.